Ukuta Uliolala Vidole Vinne

Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nyoosha, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko jingine lolote akiwa kazini: nyoosha kamba, nyoosha kozi ya matofali, nyoosha mkono, nyoosha maneno yako nikuelewe. Hata mkewe akimtafuta baada ya ibada aliuliza tu, "Nyoosha kaelekea wapi?" Mwenyewe alilipenda jina hilo, ingawa mbele za watu alijifanya limemchosha.

Alikuwa mwashi, na mwashi wa kweli. Kuta zake zilisimama kama zimepigwa rula, na mafundi wengine wakibishana walipelekana kwenye nyumba alizojenga yeye ili kumaliza ubishi. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la ubatizo. Penye msiba alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Mtu akimsifu alijibu, "Mimi ni mtumishi tu." Alilisema hilo mara nyingi hadi likawa kama salamu, na kama ilivyo kwa salamu, hakuna tena aliyelisikiliza, yeye mwenyewe akiwamo.

Kanisa lao lilikuwa banda la mabati. Jua likiwaka watu waliiva humo ndani. Mvua ikinyesha mchungaji alikaa chini akasubiri, maana hata angepaza sauti namna gani asingesikika. Waumini walipoazimia kujenga kanisa la matofali, suala la nani asimamie ujenzi halikujadiliwa. Wote waligeuza shingo wakamtazama Nyoosha, naye akainamisha kichwa, akasema yeye ni mtumishi tu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanamtoroka. Lilianza la kushoto, ukungu mwepesi kama wa mtu anayechungulia kupitia mvuke wa sufuria. Kisha pembeni pakaanza kuliwa kidogo kidogo, kama panya anavyokula mkate kuanzia ukingoni. La kulia nalo likafuata nyayo za mwenzake. Nyoosha alijifunza ujanja. Akiwa na pimamaji mkononi alimwita kibarua aliye karibu: "Hebu wewe, niambie kiputo kimekaa wapi." Kibarua alidhani anafundishwa, akajibu kwa adabu. Darasani alifungua kitabu, akayatamka kwa kichwa yale aliyoyajua tangu ujana, akigeuza ukurasa pale alipoona inafaa. Siku moja alikishika kitabu juu chini tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyesema neno. Alimshukuru Mungu kwa kumsitiri.

Ukuta wa magharibi aliujenga mwenyewe. Mafundi wenzake walikuwa wameitwa kwenye kazi nyingine kwa majuma mawili, na vibarua waliobaki walikuwa wawili tu, wa kukoroga na kupandisha matofali. Angeweza kusubiri. Hakusubiri. Alitaka siku moja watu wauoneshe ukuta ule kwa kidole wakisema, huu aliusimamisha mzee peke yake. Na safari hii hakuuliza kiputo kimekaa wapi, kwa sababu kila alipotaka kuuliza aliona aibu kuuliza mara nyingi mno.

Jumamosi iliyofuata washirika walikuja kujitolea, wengine kupanga mbao za kenchi za paa, wengine kuondoa kifusi. Miongoni mwao alikuwamo Binti.

Binti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwashi naye, na ufundi huo aliupata kwa Nyoosha. Alimjia akiwa hajui mwiko unashikwa upande gani, akakaa naye miaka saba, na watu wakazoea kumwita Binti Nyoosha kana kwamba amemzaa. Kisha mwaka juzi, katikati ya kazi, Nyoosha alimwambia achukue vyombo vyake aende, kwamba siku hizi ana mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa ni kumwambia, kwa sauti ya chini, kuwa kipimo alichokitaja kimepungua. Binti aliondoka bila kujibizana, akaanza kutafuta kazi zake mwenyewe. Lakini jina halikumtoka.

Siku hiyo alipita kando ya ukuta wa magharibi, akasimama, akafumba jicho moja. Akaenda upande wa pili, akafumba tena. Kisha akamfuata Nyoosha pale alipokuwa akiwaelekeza watu wa mbao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, ule ukuta. Naona kama umelala nje."

"Unaona kama?"

"Umelala, baba. Tukipandisha kenchi juu yake zitausukuma."

Aliyasema hayo kwa kunong'ona, mgongo wake ukiwakinga wengine wasisikie. Nyoosha angeweza kunong'ona pia. Badala yake alipaza sauti.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kushika mwiko. Leo umekuja kunifundisha timazi? Nyinyi mkipewa shubiri mnachukua pima."

Mbao zilitulia mikononi mwa watu. Binti alitazama chini, akasema, "Nisamehe, baba," akaenda kubeba kifusi na wenzake. Adhuhuri akaaga, akaondoka. Hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Watu walipotawanyika kwenda kula, Nyoosha alibaki. Alipanda jukwaa la mbao akishika kila nguzo kabla ya kuweka mguu. Juu kabisa aliegesha kipande cha ubao wenye unene wa kidole kimoja, akafunga kamba ya timazi hapo, akaliachia jiwe lake lishuke. Akateremka. Chini alichuchumaa, akasubiri kamba iache kupepea, kisha akapenyeza vidole kati ya kamba na ukuta. Ukuta uliosimama wima ungempa nafasi ya kidole kimoja, kama juu. Kidole cha kwanza kilipita. Cha pili kikapita. Alipofikia cha nne, akaleta na mkono wa pili, na cha tano nacho kikapita bila kubanwa.

Alikaa chini kwenye mchanga. Ukuta ulikuwa umelala nje vidole vinne.

Mara moja akili ikaanza kutafuta mlango wa nyuma. Angepiga lipu nene chini na nyembamba juu, na jicho lisingegundua. Angemwambia fundi wa kenchi aongeze vyuma vya kufungia. Kuta nyingine mbovu zaidi ya ule zilikuwa zimesimama mjini miaka na miaka. Alijua pia kwamba upande ule, kwa mujibu wa mchoro, ndipo yatakapokuwa madawati ya watoto. Alilisukuma hilo pembeni, likarudi. Akalisukuma tena.

Jumapili baada ya ibada alikuwa na darasa la ubatizo. Wanafunzi walikuwa sita, na msumbufu kuliko wote alikuwa muuza nyama, mtu mzima mwenye tumbo lake, aliyeokoka akiwa na miaka hamsini na kutaka sasa kufidia maswali yote aliyokuwa hajauliza. Somo la juma hilo, kwa mfuatano wa kitabu, lilikuwa unyenyekevu. Nyoosha alilijua kama kiganja chake. Alizungumza juu ya Bwana aliyejifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi, na juu ya yule mmoja aliyekataa kuoshwa.

Muuza nyama akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi hapo ndipo sielewi. Kuosha, sawa, mtu ajishushe, aoshe wengine. Lakini huyu aliyekataa kuoshwa, kosa lake liko wapi? Si alikuwa na heshima tu?"

"Alikuwa..." Nyoosha akasita. Jibu lilikuwa kwenye kitabu, alilitamka kila mwaka. Safari hii lilimkwama. "Alikuwa hataki aonekane miguu yake ilivyo," akasema mwishowe, na hayo hayakuwemo kitabuni.

"Ahaa," muuza nyama alisema. "Basi mimi ningekataa pia. Miguu yangu mnaijua."

Darasa likacheka. Nyoosha alifunga kitabu mapema, akasema kichwa kinamgonga.

Nyumbani, baada ya chakula, alitoa kiti uani akakaa. Mkewe alikuwa anaosha vyombo hatua chache kutoka pale. Nyoosha aliinamisha kichwa aombe, na alipoanza, maneno yakaja yenyewe kama kawaida: Bwana nirudishie macho, Bwana ufanye ule ukuta ushike, Bwana umfunge mdomo yule mtoto. Akajisikia akiyasema. Kwa mara ya kwanza alisikia jinsi anavyoongea. Miezi yote hiyo hakuwahi kumuuliza Mungu anataka nini. Alimpa tu orodha ya kazi, vile vile anavyowapa vibarua asubuhi.

"Basi sema wewe," akaomba, akanyamaza.

Hakusikia sauti. Alisikia maji ya vyombo na kijiko kikianguka. Alikaa hivyo kitambo kirefu, na kilichomjia hakikuwa amani. Kilikuwa ni kujua anakotakiwa kwenda, na kujua kwamba alikujua tangu Jumamosi.

Kesho yake asubuhi alikwenda kumtafuta Binti. Alimkuta shuleni, akisakafia darasa lililobomoka sakafu. Binti alikuwa amepiga magoti, ubao wa kusawazishia mkononi, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Saruji mbichi haingoji mtu, na Nyoosha alilijua hilo, kwa hiyo hakumwambia asimame. Alitafuta ndoo kwa mguu, akaipindua, akaikalia mlangoni.

"Umelala vidole vinne," akasema.

Binti aliendelea kusawazisha. "Nilikadiria vitatu."

"Vinne. Nimepima kwa vidole, kwa sababu..." Neno lenyewe lilikuwa jepesi, ila hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake. "Kwa sababu sioni, binti yangu. La kushoto limekwisha. La kulia linanionesha katikati tu."

Ubao ulisimama.

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Kwamba huoni. Tangu mwaka juzi. Ile siku ya kipimo, ulikuwa unasoma upande wa futi badala ya upande wa sentimita. Nikajua."

Nyoosha alihisi uso ukimwaka. "Nani mwingine anajua?"

Binti alichelewa kujibu, na katika kuchelewa kule Nyoosha akapata jibu. "Vibarua wanajua," Binti akasema kwa upole. "Ukiwauliza kiputo kiko wapi, huwa wanarekebisha kwanza ndipo wakujibu. Na darasani, yule mwenye bucha aliwaambia wenzake, atakayecheka kitabu kikiwa juu chini atakiona. Mama nyumbani anajua kuliko sisi sote. Hujashangaa kwamba siku hizi hukuti kigoda njiani ukajikwaa?"

Hakuwahi kushangaa. Miaka miwili alikuwa akijidhania nguzo, kumbe watu walikuwa wamemshika kwapani pande zote mbili wakimtembeza, na walikuwa wamefanya hivyo kimya ili asione haya. Wale aliowaona wanafunzi wake walikuwa wamemtumikia bila hata shukrani. Yeye aliyejiita mtumishi.

"Nilikufukuza kwa kusema kweli," akasema. "Na juzi nikakuaibisha mbele za watu kwa kusema kweli ile ile. Nimekukosea mara mbili. Nisamehe."

Binti alijifuta uso kwa mgongo wa kiganja, akabaki na alama ya saruji shavuni. "Mara ya kwanza iliniuma sana, baba. Sitakudanganya. Nilikaa mwaka mzima nikipita njia ya mbali ili nisiuone mlango wako." Akavuta pumzi. "Nimekusamehe. Sasa toka hapo mlangoni, nimalize, la sivyo nitajifungia humu na saruji yangu."

Jioni hiyo Nyoosha alikwenda kwa mchungaji, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Alimweleza yote, ukuta na macho, kisha akasema kwamba anajiuzulu usimamizi wa ujenzi. Lazima isemwe kweli: alipokuwa akilitamka hilo, moyoni alikuwa ameshaandaa nafasi ya mchungaji kusema, hapana mzee wetu, bila wewe tutafanyaje. Alikuwa hata ameandaa atakavyosita kidogo kabla ya kukubali kubembelezwa.

Mchungaji alisema, "Nashukuru, mzee. Nimekubali."

"Na darasa la ubatizo?" Nyoosha aliuliza, sauti ikiwa imepungua.

"Darasa endelea nalo. Ila kitabu asome mwingine."

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi, akasimama mbele ya waumini. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakamtoroka. Alisema ukuta wa magharibi ni mbovu, kwamba aliujenga yeye, kwamba aliambiwa akamtukana aliyemwambia, na kwamba ukuta utabomolewa. Wengine walilia. Wengine hawakulia hata kidogo. Mama mmoja aliyekuwa amebeba matofali yale kichwani Jumamosi nne mfululizo alisimama akasema, "Mzee, tumekusamehe, lakini shingo yangu bado haijakusamehe," na hata waliokuwa wamekasirika wakacheka kwa kulazimika. Mzee mwenzake mmoja hakumpa mkono siku ile, wala Jumapili iliyofuata. Nyoosha alijifunza kukaa naye benchi moja hivyo hivyo.

Usimamizi alipewa Binti. Siku ya kubomoa, Nyoosha alifika na nyundo yake kubwa, akasema ukuta ni wake, auangushe yeye. Alikuwa ameona picha hiyo kichwani usiku kucha, jinsi atakavyopiga pigo la kwanza na watu wakitazama.

"Hapana, baba," Binti akasema. "Wewe utasafisha matofali."

Kusafisha matofali ni kazi ya mtu wa siku ya kwanza. Unakaa chini, unapewa tofali lililotoka kwenye ukuta uliobomolewa, unaligongagonga kwa kipande cha chuma mpaka saruji ya zamani ibanduke, unaliweka kando, unachukua jingine. Haihitaji macho. Nyoosha alisimama na nyundo yake mkononi, na wote waliokuwa pale wakajishughulisha ghafla na mambo mengine. Ulimi ulimwasha. Kisha aliinyoosha nyundo mbele yake, mpini ukitangulia, mtu akaipokea, naye akaenda kukaa chini pamoja na akina mama.

Siku ya kwanza aliugua mgongo na moyo. Ya pili mgongo peke yake. Akina mama wale waliongea mfululizo, juu ya wakwe, juu ya magoti, juu ya sala zilizojibiwa na zisizojibiwa, na Nyoosha aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa akagundua hajui mizigo wanayoibeba hata nusu yake. Aliwahi kuwaombea wote kwa jumla. Sasa alianza kuwaombea mmoja mmoja, huku akigonga.

Mkewe alimpeleka kwa daktari wa macho. La kushoto halitarudi, walielezwa; la kulia linaweza kutunzwa kwa dawa ya matone kila asubuhi na jioni, asikose. Mkono wake ulitetemeka mno kujitia mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi alikilaza kichwa mapajani pa mkewe, akafumbua jicho, akasubiri tone lidondoke. Mkewe alikuwa na kawaida ya kuongea wakati huo, akijua hawezi kuondoka.

Ukuta mpya ulipanda katika majuma matatu, na ulikuwa wima. Walipofika kwenye mlango wa pembeni, Nyoosha alisikia Binti akitaja kimo cha kizingiti, akasimama kutoka kwenye matofali yake.

"Hicho kifupi," akasema. "Upande huo maji ya mvua hushuka kwa kasi. Inua kizingiti kozi moja."

Binti alikuja akasimama karibu naye, akamsikiliza hadi mwisho. "Nimekusikia, baba. Lakini kuna wazee wa kutembelea mkongojo na yule dada wa kiti cha magurudumu. Tukikiinua watashindwa kupita. Tutakiacha hapo, nitachimba mfereji nje."

"Mfereji hautatosha."

"Inawezekana. Tutakiacha hapo."

Alikuwa na hakika. Maisha yake yote alikuwa amepima maji na miteremko. Alifungua kinywa, na kwa hakika maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Akasema, "Haya," akarudi kukaa. Ilimchukua matofali saba kutulia.

Waliingia kanisani mwezi uliofuata. Jumapili ya tatu mvua kubwa ilinyesha katikati ya mahubiri. Mchungaji hakulazimika kukaa chini. Sauti yake ilisikika vizuri chini ya dari mpya. Lakini mfereji ulijaa, ukafurika, na maji yakajipenyeza juu ya kizingiti, yakatandaa taratibu hadi miguuni mwa waliokaa upande ule. Watu waliinua viatu. Binti, aliyekuwa safu ya tatu, aliinuka haraka na uso umemshuka, akaenda kutafuta ndoo.

Mkewe alimgeukia Nyoosha. Alimjua mtu wake. Alikaa akimsubiri aseme lile neno ambalo mtu yeyote angelisema, na ambalo safari hii lingekuwa kweli tupu.

Nyoosha alikuwa anavua viatu. Alivisukuma chini ya benchi, akakunja suruali mara mbili, akasimama kwa kushika bega la mkewe.

"Tambara liko wapi?" akauliza.

Mkewe alimwelekeza kwa kumshika mkono. Alifika mlangoni akipapasa, akapiga magoti kwenye maji karibu na Binti, akaanza kukausha na kukamua ndooni. Binti alimtazama mara moja, akafungua mdomo.

"Baba, ulisema..."

"Sogeza ndoo huku," Nyoosha alisema. "Na wewe anzia kule kwenye kiti cha yule dada. Miguu yake isilowe."

Mchungaji akaendelea na mahubiri.